Mwalimu Anaporudi Kuwa Mwanafunzi

Mtoto aliyezaliwa akaukuta ubao mweusi ukutani hudhani kwamba ubao ulizaliwa pamoja na shule. Sivyo. Ubao mkubwa wa ukutani ni mgeni aliyekaa muda mrefu mpaka watu wamesahau kwamba alikuja. Mwanzoni mwa karne ya 19 mwalimu mmoja wa Edinburgh, katika nchi ya Scotland, jina lake James Pillans, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuutumia. Alichora ramani kwa chaki za rangi ili darasa zima la Jiografia liuone mlima na mto kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo kila mwanafunzi alikuwa na kibao chake kidogo, naye mwalimu alizunguka akikitazama kimoja baada ya kingine. Mwaka 1841 kilipigwa chapa huko Boston, Marekani, kitabu kizima cha kuwaelekeza walimu wa shule za msingi namna ya kuutumia ubao.

Kitabu kizima, kwa ajili ya ubao na kipande cha chaki! Leo twaweza kucheka, walakini walimu wa siku zile hawakuwa wajinga. Walijua kusoma, kuandika na kuhesabu vema kabisa. Jambo wasilolijua ni namna ya kusimama mbele ya watoto wengi kwa mara moja, macho yote yakiufuata mkono mmoja.

Nasi hatukukosa mbao zetu. Katika vyuo vya Kurani vya pwani mtoto aliandikiwa aya katika ubao wa mti, kwa kalamu ya mwanzi na wino mweusi. Akiisha kuihifadhi na kumsomea mwalimu wake bila kosa, ubao ulioshwa na aya nyingine ikaandikwa. Kila mtoto alikuwa na ubao wake, na ufundi wa mwalimu ulikuwa katika sikio: aliweza kulinasa kosa la mtoto mmoja katikati ya sauti za watoto thelathini wanaosoma pamoja. Mchukue mwalimu huyo hodari, umsimamishe mbele ya ubao wa ukutani na chaki mkononi, utamwona akipapasa kama mtu aliyeamka gizani katika nyumba ya ugeni. Elimu yake haikupungua hata chembe, bali ilikuwa imefungamana na chombo alichokizoea.

Historia ya elimu aghalabu husimuliwa kwa majina ya tume na miaka ya sheria, na wanafunzi huyakariri hayo kwa ajili ya mitihani. Mimi nataka kuisimulia kwa vitu vilivyoingizwa katika madarasa ya shule za msingi nchini Kenya kwa muda wa miaka yapata mia moja: jembe, kadi za maneno, redio na kishikwambi. Kila kimoja kilipoingia, mwalimu, ambaye jana alikuwa mwenye kujua, alijikuta amekuwa mwanafunzi tena, na hayo yalitukia mbele ya wanafunzi wake mwenyewe. Si jambo jepesi. Yamkini hata ninyi mmewahi kumwona mwalimu akihangaika na waya wa projekta, nanyi mkachekeana nyuma ya madaftari.

Tuanze mbali kidogo, katika jimbo la Virginia huko Marekani. Mwaka 1908 mwalimu mmoja mweusi aitwaye Virginia Randolph aliteuliwa kuzitembelea shule za watoto weusi katika wilaya ya Henrico, ili awasaidie walimu wenzake katika kazi yao. Wengi wa walimu hao walifundisha peke yao katika vijumba vya mbao, na hapakuwa na mtu wa kuwauliza wala wa kuwajibu. Fedha za kazi hiyo zilitoka kwa bibi mmoja tajiri wa Philadelphia, Anna T. Jeanes, ambaye mwaka 1907, muda mfupi kabla ya kufa kwake, alitoa dola milioni moja kwa ajili ya shule za vijijini za watu weusi. Tangu hapo kila mwalimu mtembezi wa namna hiyo aliitwa mwalimu wa Jeanes.

Wazo hilo lilivuka bahari. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika ya Mashariki kuchunguza elimu ya Waafrika. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey, msomi mashuhuri mzaliwa wa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Mwaka uliofuata, 1925, ilifunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, shule iliyopewa jina la yule bibi wa Philadelphia. Walioingia humo walikuwa watu wazima waliokwisha kufundisha katika shule za misheni, nao walikuja na wake zao na watoto wao, wakakaa katika nyumba ndogo ndogo kana kwamba ni kijiji. Mume alijifunza namna ya kufundisha, kulima, kujenga na kutunza afya; mke alijifunza malezi, mapishi na usafi wa nyumba. Kisha walirudishwa makwao, na mume akawa mwalimu wa walimu, akienda kutoka shule hadi shule, maana vijijini zilikuwako shule nyingi zilizofundishwa na vijana ambao wenyewe walikuwa wamesoma miaka michache tu.

Hebu mfikirie kijana wa namna hiyo katika shule yake ya udongo na makuti au nyasi. Ana watoto wa kila umri, ana ubao uliopasuka, na mtindo wake wa kufundisha ni ule aliofundishwa yeye: mwalimu hutamka, watoto huitikia. Siku moja anafika mtu mzima mwenye rangi kama yake na lugha kama yake, ambaye naye alianza kazi katika shule ya udongo. Mgeni huyo hakuja na daftari la makosa. Anachukua chaki, anafundisha somo moja, mwenyeji akitazama. Kisha anampa mwenyeji chaki, naye anaketi kutazama. Baada ya majuma kadhaa anarudi. Nathubutu kusema kwamba katika historia yote ya mafunzo ya walimu wetu hapajatokea wazo bora kuliko hilo la kurudi.

Walakini haki yataka tuseme na upande wa pili. Chombo kilicholetwa na mpango huo hakikuwa kalamu, kilikuwa jembe. Bustani ya shule, shimo la takataka na choo bora vilitiliwa mkazo sana, na wazazi wengi waliuliza: kwa nini mtoto wa mzungu asome vitabu, na mwanangu apelekwe shule akalime, hali kulima amekuona tangu mgongoni mwa mama yake? Swali hilo lilikuwa na uzito. Mpango ulikuwa umetoka katika nchi ambamo watu weusi walitengwa kwa sheria, na walowezi wa Kenya walifurahi kuona Mwafrika akifundishwa kazi za mikono badala ya elimu iliyoweza kumpa sauti. Katika nchi ya Wakikuyu watu walianzisha shule zao wenyewe zilizokuwa huru na misheni, na mwaka 1939 kikafunguliwa Githunguri chuo cha kufundishia walimu wa shule hizo, chini ya Mbiyu Koinange aliyekuwa amesoma Marekani. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa. Hivyo njia njema ya kumsaidia mwalimu ilifungwa mzigo mmoja na nia ambayo watu hawakuiamini, nao wengi wakautupa mzigo wote.

Sasa nataka msomaji anipe ruhusa ya kumbuni mtu mmoja. Sitampa jina, kwa kuwa watu wa namna yake walikuwa maelfu. Tuseme alizaliwa mwaka 1945, akasoma shule ya misheni, akaufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi asipate nafasi ya kuendelea. Mwaka 1965, Kenya ikiwa na uhuru wa miaka miwili tangu 1963, watoto walikuwa wakimiminika shuleni na walimu hawakutosha. Kamati ya shule ikamwita, ikampa chaki. Hakuwa amepita chuo cho chote cha ualimu.

Wakati huo katika shule nyingi palikuwa na msisimko wa mtindo mpya uliojulikana kwa herufi N.P.A. Mtindo huu ulikuwa umeanza Nairobi mwaka 1957 katika kituo maalumu cha elimu, na waliofundishwa kwanza walikuwa watoto wa Kiasia, ambao nyumbani walizungumza Kigujarati au Kipunjabi lakini shuleni walitakiwa kusoma kwa Kiingereza. Walimu wa kituo waliona kwamba mtoto hajifunzi lugha kwa kuikariri akiwa ameketi kama askari katika gwaride. Wakavunja safu za madawati. Watoto wakaketi katika vikundi, wakapewa kadi za maneno, picha, vijiti vya kuhesabia, vizibo vya chupa. Kundi moja lilisoma, jingine likahesabu, jingine likacheza duka. Matokeo yalipendeza, na mtindo ukahamia katika shule za Waafrika. Tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde mwaka 1964 iliusifu, na kila wilaya ikautaka.

Hapo ndipo shida ilipozaliwa. Madarasa ya kwanza yalikuwa machache, na mwalimu wa kila moja alipewa mafunzo, akatembelewa mara kwa mara, akatengenezewa kadi. Yalipozidi kuwa maelfu, waliokwenda kuwatazama walimu hawakuzidi kwa kiasi hicho. Mwalimu wetu wa kubuni alipokea habari za N.P.A. kwa kusikia. Alivunja safu za madawati kama alivyoambiwa, na watoto sitini wakageuka kuwa soko. Alikata kadi za maneno kutoka katika maboksi ya sabuni, zikaisha kwa mvua na kwa mikono ya watoto. Baada ya muhula mmoja alizirudisha safu. Mkaguzi alipokuja, baada ya mwaka, aliandika kwamba mwalimu hafuati mtindo mpya. Tusimlaumu upesi. Alikuwa amepewa umbo la kitu bila moyo wake, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha kwamba vikundi havianzi siku moja, bali mwalimu huanza na kundi moja tu nyuma ya darasa, akawazoeza hao kwanza.

Msaada uliomfikia ulipita njia asiyoitarajia: posta na hewa. Katika miaka ya mwisho ya 1960, Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianzisha huko Kikuyu idara ya masomo kwa njia ya posta, kwa msaada wa Marekani. Wanafunzi wake wakubwa walikuwa walimu wa shule za msingi wasio na ujuzi kamili. Walipelekewa vitabu vidogo vya masomo, wakasikiliza vipindi katika redio ya Sauti ya Kenya, wakaandika majibu na kuyatia katika bahasha, yakarudi yamesahihishwa. Wakati wa likizo walikutana ana kwa ana kwa siku kadhaa. Aliyefaulu mitihani aliweza kupandishwa daraja na kuongezewa mshahara.

Basi jioni zile, watoto wake wakiwa wamelala, mwalimu wetu aliketi mbele ya taa ya mafuta na redio, akawa mwanafunzi. Naona jambo moja hapa ambalo waandishi wa historia hulipita haraka. Mtu huyu alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, mchana aliwasahihisha watoto kwa wino mwekundu, na kila juma alipokea daftari lake mwenyewe limejaa wino mwekundu wa mtu asiyemjua. Wako walioacha kwa aibu. Waliovumilia walijifunza Hisabati na Kiingereza, tena walijifunza jinsi alama ya kosa inavyouma pasipo neno la kueleza kosa hilo.

Redio iliyomfundisha jioni ilimfuata darasani. Vipindi vya shule vilikuwa vikirushwa tangu zamani, na aghalabu vilikuwa vya kusikiliza tu: sauti ilizungumza, darasa lilitulia, baadhi ya watoto wakasinzia. Katikati ya miaka ya 1970 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakifanya kazi na serikali ya Nicaragua, walibuni namna nyingine walipotaka kufundisha Hisabati katika shule za vijijini za nchi hiyo ya Amerika ya Kati. Waliandika masomo yenye nafasi za kimya. Sauti huuliza, hunyamaza sekunde chache, watoto hujibu kwa pamoja, kisha sauti hulitaja jibu sahihi. Darasa zima hushughulika nusu saa bila kupumzika.

Kenya ndiyo iliyochaguliwa kujaribu njia hiyo katika kufundisha lugha. Kuanzia mwaka 1980 hadi 1985, Taasisi ya Elimu ya Kenya pamoja na wataalamu wa Kimarekani walitunga masomo ya Kiingereza kwa madarasa matatu ya kwanza ya shule za msingi, nusu saa kila siku ya shule. Shule zilizochaguliwa zilipewa redio za betri, au za mawe kama watu wengi walivyozoea kusema. Tuseme shule ya mwalimu wetu ilikuwa mojawapo. Alikuwa sasa na miaka yapata thelathini na saba, mwalimu mwenye sifa, baba wa watoto.

Siku ya kwanza aliiweka redio juu ya meza na kusimama pembeni kama mtu aliyetembelewa na mkubwa wake. Sauti iliwaamuru watoto wasimame, nao wakasimama. Ikauliza jina la kitu, ikanyamaza, wakajibu kwa kelele. Ikawasifu kana kwamba imewasikia. Watoto walipendezwa mno. Mwalimu hakupendezwa hata kidogo. Kiingereza cha redio kilikuwa laini kuliko chake, na saa yake haikuchelewa wala kuwahi. Kama sauti ile yafundisha hivi, yeye yu hapa kwa kazi gani?

Jibu alilipata polepole, na twaweza kulikisia kwa kuitafakari namna yenyewe ya masomo yale. Redio husema lakini haisikii. Watoto hamsini wanapojibu kwa pamoja, sauti yao ni kubwa na tamu, nayo huwaficha wale ambao midomo yao inachezacheza tu. Redio huwasifu hao pia. Ni mtu mwenye macho tu awezaye kwenda polepole mpaka dawati la nyuma, kuinama, na kusikia kwamba mtoto huyu hasemi neno lo lote. Redio haishiki kitu cha kuonyesha, haiandiki neno ubaoni, haijui kwamba mvua inapiga mabati na hakuna anayesikia. Mafunzo ambayo walimu walipewa katika mpango huo hayakuwa marefu, na maelekezo ya kila somo yaliandikwa kwa ufupi. Ila somo lenyewe lilikuwa mafunzo, kwa kuwa kila siku mwalimu alilisikia swali zuri likiulizwa na kimya kikiachwa baada yake. Walimu wengi huogopa kimya. Huuliza swali na kulijibu wenyewe kabla mtoto hajafungua kinywa. Redio iliwafundisha kungoja.

Wachunguzi waliwapima watoto wa shule za redio na wa shule nyingine, wakaona kwamba wale wa redio walikuwa mbele katika kusikia na kusoma Kiingereza. Nchi kadhaa ziliichukua njia hiyo baadaye, Afrika ya Kusini ikiwa mojawapo. Lakini hapa Kenya, ilipokuwa na matokeo mazuri hivyo, haikuenea katika nchi nzima kama ilivyotumainiwa. Fedha za wafadhili zilikwisha mwaka 1985, na mwaka huo huo mfumo mpya wa elimu wa 8-4-4 ulianza, na muhtasari wa masomo ukabadilika. Betri zilipokufa hazikununuliwa nyingine.

Juu ya mfumo wa 8-4-4 nitasema machache, maana mengi yameandikwa. Uliwataka walimu wa shule za msingi wafundishe ufundi, sanaa, muziki, sayansi kimu na kilimo, na wengi wao hawakuwa na randa, wala jiko, wala mafunzo. Jembe lilirudi darasani baada ya miaka sitini, na safari hii waliolileta walikuwa Waafrika wenyewe. Mwalimu wetu alilipokea bila neno. Alistaafu mwaka 2000, akiwa na miaka hamsini na mitano, kama sheria ilivyotaka wakati huo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2003, ada za shule za msingi ziliondolewa, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka milioni 5.9 hivi hadi milioni 7.2. Waliokuwa na darasa la watoto hamsini walijikuta na themanini, hata mia. Katika hali hiyo kumwambia mwalimu habari za vikundi na kadi kulikuwa kama kumfanyia mzaha.

Tumpe mjukuu wa kike, naye awe mwalimu wa darasa la kwanza. Katika uchaguzi wa mwaka 2013 wananchi waliahidiwa kwamba kila mtoto aingiaye darasa la kwanza atapewa kompyuta ndogo. Ahadi ilikwama katika mabishano ya zabuni, ikabadilishwa sura, na mwaka 2016 vifaa vilianza kufika: vishikwambi kwa watoto, vipakatalishi kwa walimu, projekta, na mtambo wa kuhifadhi masomo. Kwa miaka michache zaidi ya vifaa milioni moja viligawiwa katika shule za msingi za umma, na nyaya za umeme zilivutwa mpaka shule ambazo hazikuwahi kuota taa. Kwa kadiri ya wingi, hapana chombo kilichowahi kuingia madarasani mwetu kwa kishindo kama hicho.

Walimu waliitwa katika mafunzo ya siku chache, wakaonyeshwa kuwasha, kuzima na kufungua masomo. Mjukuu alirudi na cheti. Kisha akaona lile aliloliona babu yake mbele ya redio, ila kwa upande mwingine: yeye alizoea simu ya mkononi, vidole vyake havikusita, aliloshindwa ni kujua mahali pa kukiweka kifaa katika somo la dakika thelathini, lenye watoto sabini na vishikwambi ambavyo theluthi moja havina moto. Kukitoa, kukigawa na kukikusanya kulikula nusu ya somo. Katika shule nyingi vifaa vilibaki katika kabati la chuma au katika stoo yenye vyuma dirishani, kwa hofu ya wezi, na mwalimu mkuu alilala na ufunguo. Sioni sababu ya kuwacheka walimu wakuu hao. Kifaa kikiibwa wao ndio wangeulizwa; kisipotumiwa hapakuwa na wa kuwauliza.

Wakati vifaa hivyo vilipokuwa bado ahadi, palifanywa huko Kisumu jaribio ambalo halikupigiwa ngoma. Katika mpango wa kuboresha usomaji wa watoto wadogo, shule ziligawanywa katika mafungu. Fungu moja walimu walipewa vishikwambi. Fungu jingine watoto wenyewe walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki. Fungu la tatu shuleni hakikupelekwa kifaa cho chote cha umeme: kishikwambi alipewa mshauri wa walimu, yule ofisa wa kituo cha eneo ambaye kazi yake ni kuzungukia shule. Watoto wa mafungu yote walisoma vizuri kuliko wale wa shule ambazo hazikusaidiwa. Lakini tofauti baina ya mafungu yenyewe haikuwa ya kutegemewa, na njia ya kumpa mshauri kishikwambi ndiyo iliyokuwa na gharama ndogo kuliko zote tatu.

Maana yake nini? Kishikwambi kimoja mkononi mwa mtu anayetembelea shule nyingi kilifaa sawa na vingi mikononi mwa watoto. Mshauri alikaa nyuma ya darasa, akasikiliza, akajaza kwenye kioo yale aliyoyaona, akawasikiliza watoto wawili watatu wakisoma, kisha akazungumza na mwalimu chini ya mti. Kifaa kilitunza kumbukumbu ya siku na mahali, hivyo ziara ya uongo haikuwa rahisi. Mwaka 2015 mpango huo ulipanuliwa kwa nchi nzima kwa jina la Tusome. Kila mtoto alipewa kitabu chake cha karatasi, kila mwalimu mwongozo, na washauri vishikwambi. Wengi wao walikwenda kwa pikipiki. Watoto waliojua kusoma waliongezeka. Wakati huo ile Shule ya Jeanes ilikuwa imekwisha kusahauliwa na wengi, maana tangu 1961 mahali pake Kabete pamekuwa pa kufundishia maofisa wa serikali. Mwalimu wa kuzunguka alikuwa amerudi, safari hii bila jembe.

Mwezi wa Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Vishikwambi vilivyokuwa stoo vilibaki stoo. Masomo yalirushwa kwa televisheni na kwa intaneti, lakini nyumba nyingi za vijijini hazikuwa nazo, na kwa hizo kilichobaki ni redio. Sauti iliuliza, ikanyamaza, mtoto akajibu peke yake jikoni, au hakujibu, sauti ikamsifu. Yule babu, aliyekuwa na miaka sabini na mitano, angeijua sauti hiyo mara moja.

Madarasa yote yalipofunguliwa tena Januari 2021, mjukuu aliyakuta madawati yametengana na nyuso zimefunikwa barakoa, asiweze kuona midomo ya nani inacheza na ya nani inasema. Hakufungua kabati. Alifuta ubao, akaandika sentensi moja kwa chaki, akawaita watoto mbele mmoja mmoja wasome, akiinama kila mara ili asikie.